Panga la Mama Kwenye Mkono wa Kushoto

Swali lililoninyima usingizi msimu ule lilikuwa fupi kiasi kwamba niliona aibu kumwuliza mtu: je, panga la mama yangu ni silaha?

Mtu mwingine angejibu mara moja, akageukia ukutani na kulala. Mimi siwezi. Rafiki akinijibu "poa" kwenye simu, nalisoma neno hilo tena na tena nikitafuta kama amekasirika. Nikialikwa harusini, naanza kuwaza nitakaa upande gani wa ukumbi kabla sijajua nitavaa nini. Nilirudi nyumbani na shahada ya utawala wa umma, ajira hazikunipokea, nikaanza kujitolea katika ofisi ya kijiji chetu. Ni kijiji cha wakulima wa mpunga, ukiiacha barabara ya Kidatu na Ifakara pale karibu na Mkula, ukashuka kuelekea bondeni. Nilichapa barua, niliandika mihtasari ya vikao, na kila kompyuta ilipokwama niliitwa, "Msomi, hebu njoo!" Kwa hiyo amri ya kuzuia silaha ilipotoka, ilipita mikononi mwangu kabla ya kufika masikioni mwa mama.

Chanzo chake kilikuwa ugomvi. Ng'ombe waliingia kwenye mpunga, wakulima na wafugaji wakarushiana maneno, na kabla wazee hawajafika kuamua, kijana mmoja aliyekuwa ametoka kilabuni akamjeruhi jirani yetu mkononi kwa panga. Kijana huyo alikamatwa siku ileile. Hofu haikukamatwa. Ilibaki inazunguka kijijini, ikiingia nyumba moja na kutokea nyingine, hadi uongozi ukaona lazima jambo lifanyike. Ikatangazwa kwa kipaza sauti: ni marufuku mtu kutembea barabarani, gulioni au njia za mashambani akiwa na panga, mkuki, upinde au rungu. Anayekwenda shamba na panga alifunge lisionekane. Amri itakuwa ya muda, na mkutano mkuu wa kijiji ndio utakaoamua kama iwe sheria ndogo ya kudumu.

Mama alilisikia tangazo hilo akiwa anapepeta mchele uani. Hakusimamisha ungo.

"Walianza na magobore, nguruwe wakafurahi," alisema. "Wakaja kwenye pinde, ngedere wakafurahi. Sasa panga. Kesho watatukata kucha, tuwe tunapalilia kwa maneno."

Habari ya gobore alikuwa na haki ya kuisema. Kaka yake, yaani mjomba wangu, alikuwa na gobore la kurithi lisilo na kibali, akalisalimisha kituoni siku zilipotolewa za kufanya hivyo bila kushtakiwa. Sikuwahi kulipenda gobore lile. Lilikuwa zito, lilinuka masizi, na mjomba mwenyewe alifumba macho kila alipolifyatua. Lakini mlio wake wa jioni ulisikika bonde zima, nguruwe pori wakaujua na kukaa mbali. Lilipoondoka tulianza kupiga madebe. Madebe nayo nguruwe waliyaogopa kwa muda, kisha wakayazoea, na mjomba alikuwa akisema siku moja atawakuta wanacheza.

Panga la mama halikuwa gobore. Lilikuwa jembamba kuliko mapanga mengine kwa sababu jiwe la kunolea lilikuwa limelila miaka mingi, na mpini wake ulizungushiwa mpira wa tairi la baiskeli. Kwa panga hilo mama alikata matete ya kuezekea, alichimbua muhogo, alikata nguzo, alifungua madafu, na jioni akitoka kwenye jaruba alikaa kwenye gogo akakwangua tope miguuni kwa mgongo wa panga hilo, polepole, kama mtu anayejipaka mafuta. Msimu mpunga unapotoa masuke, mama huhamia bondeni na kulala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo ambacho kila familia hujenga shambani ili kulinda mpunga dhidi ya ndege mchana na nguruwe usiku. Njia ya kwenda huko inapita katikati ya matete marefu kuliko mtu. Kuna nyoka. Mara nyingine kuna nyati aliyepotea. Na mara moja, baba akiwa ameshafariki, mama alikutana humo na mwanaume asiyemfahamu aliyetaka kujua kwa nini anatembea peke yake. Mama hakumjibu. Alikata tete moja lililokuwa karibu, kama anasafisha njia, na yule mtu akapata haraka ya kwenda zake. Hiyo ndiyo hadithi yote, hana nyingine ya kishujaa.

Kuna jambo ambalo sikulifikiria hata mara moja utotoni, ndiyo maana lilinichukua muda kulikumbuka. Kwetu panga lina adabu zake. Ukikutana na mtu njiani unalihamishia mkono wa kushoto, makali yanatazama chini, ndipo unasalimia kwa mkono wa kulia. Ukifika nyumbani kwa watu unalichomeka kwenye mgomba au unaliegemeza nje, huingii nalo barazani. Hakuna aliyetufundisha kwa kutukalisha chini. Tuliona tu, kama tulivyoona kwamba mtu hatafuni akiwa anaongea na mkwewe.

Amri ilisema panga lisionekane. Basi watu wakatii. Mama alilifunga lake kwa kanga kuukuu. Wengine walitumia viroba vya mbolea, maboksi, suruali za zamani. Mwuza nanasi wa barabarani alilitia lake kwenye mguu wa buti la mvua, akatembea na buti moja kwapani kama mtu aliyemwacha mwenzake hospitali. Ndani ya muda mfupi njia zetu zilijaa watu wenye vifurushi virefu, na kila mmoja alikuwa anakitazama kifurushi cha mwenzake.

Asubuhi moja mama alitangulia bondeni na mbegu za mboga kichwani, akalisahau panga lake sebuleni. Nikapigiwa simu: "Niletee, na ulifunge." Nikalifunga kwenye kanga, nikashuka nalo. Katikati ya matete nikamwona mzee mmoja mfugaji anakuja mbele yangu, mrefu, kofia ya pama kichwani, na chini ya kwapa amebana kitu kirefu ndani ya kiroba.

Nilisimama. Naye akasimama.

Kwetu kumpita mtu mzima bila shikamoo ni jambo litakalosimuliwa hadi kwenye misiba. Nililijua hilo, lakini mdomo haukufunguka. Nilikuwa nawaza: kama ni panga, ni la kukatia nini, maana yeye ni mfugaji? Na kama si panga, kwa nini akifiche? Na yeye, niliona, macho yake hayakuwa usoni kwangu, yalikuwa kwenye kanga.

"Umebeba nini, binti?" akauliza hatimaye.

"Panga la mama, baba. Nampelekea shambani."

"Hebu lionyeshe."

Nikafungua kanga. Alipoliona, mabega yake yalishuka.

"Kumbe panga tu," akasema.

"Na wewe, baba, umebeba nini?"

Akacheka kwanza, cheko la aibu, kisha akavuta kiroba. Ndani kulikuwa na mwavuli mweusi uliovunjika ubavu mmoja.

"Mgambo alinisimamisha kule barabarani," akasema. "Ananiambia kwa mbali unafanana na bunduki. Nikamwuliza, bunduki gani unaikunjua mvua ikinyesha? Akasema, mzee, wewe funga tu, tusisumbuane."

Tulicheka wote wawili, tukiwa peke yetu kwenye matete, mimi na panga wazi mkononi na yeye na mwavuli wake, na hakuna aliyekuwa anaogopa tena.

"Shikamoo, baba," nikasema. Panga lilikuwa limeshahamia mkono wa kushoto lenyewe.

"Marahaba, mwanangu. Hapo sasa! Ningeliona panga lako tangu mwanzo ningesema, huyo anakwenda shamba. Nimeona kanga, nikawaza mengi."

Akapita. Nami nikaendelea kwa mama nikiwa na mwanzo wa jibu, ingawa sikujua bado kwamba ni jibu.

Siku chache baadaye mama alinyang'anywa panga. Alikuwa anatoka bondeni na mzigo wa kuni, na panga amelichomeka katikati ya kuni, mpini nje, kama wanawake wa kwetu wanavyofanya tangu zamani. Kanga ilikuwa imeteleza. Kijana wa mgambo aliyekuwa barabarani ni wa hapahapa, tumesoma naye.

"Shikamoo, mama. Samahani, naomba hilo panga."

"Unaniamkia huku unaninyang'anya?"

"Nimetumwa, mama."

"Basi aliyekutuma mpelekee marahaba yake."

Panga likapelekwa kwenye stoo ya ofisi, kwenye rundo la mengine. Na mimi, ambaye meza yangu inaelekea mlango wa stoo hiyo, kila ulipofunguliwa nililiona pale chini na mpira wake wa baiskeli. Mtendaji wa kijiji alisema yote yatatunzwa hadi mkutano uamue.

Mama hakugomba. Alifanya jambo baya zaidi: alikaa nyumbani. Mpunga ulikuwa umetoa masuke, dungu letu lilikuwa tupu, na yeye anafagia ua uliokwisha kufagiwa. Mjomba alileta habari kwamba nguruwe wameonja kona moja ya shamba letu. Wakionja leo, alisema, kesho watakuja na ukoo.

"Mama, nunua panga lingine," nikamwambia.

"Ninunue nao walichukue? Nitakuwa nawajengea stoo."

"Basi nikusindikize. Tutakuwa wawili."

Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala. "Wewe? Tukikutana na nyoka utamwuliza maswali."

Nilicheka, lakini usiku sikulala. Shamba lile ndilo lililonisomesha. Kama msimu huu likiliwa, mama angeacha kulima bondeni kabisa. Alishaanza kusema maneno ya namna hiyo: kwamba amechoka, kwamba labda ahamie kwa dada yake Viwanja Sitini, mjini Ifakara, akauze vitumbua. Hakuna ubaya kuuza vitumbua mjini. Ila namjua mama. Akikaa mjini siku mbili anaanza kunusa hewa, anauliza kama mvua imenyesha nyumbani.

Ningekuwa mtu wa kawaida ningesema: amri ni mbaya, nitaipinga. Lakini kulikuwa na jirani yetu.

Jirani yetu ni mvuvi wa mtoni, na mimi namwita baba mdogo ingawa hatuna undugu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji toka bega hadi kiwiko. Tangu siku ile ya ugomvi mama alikuwa anampelekea uji, na baadaye alipoweza kula, ugali na kitoga wa mchuzi, samaki ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akituletea zamani.

"Siku hizi mvuvi analishwa samaki na mkulima," alikuwa akimtania mama. "Dunia imepinduka."

"Kula, usiongee na mfupa," mama alimjibu.

Siku niliyopeleka chakula mimi nilimwuliza anaionaje amri. Aliweka tonge chini.

"Naipenda," akasema. "Nisikudanganye. Panga la mama yako silo lililonikata, akili yangu inajua. Lakini jicho langu halijui. Nikiona panga, lolote, la mtu yeyote, mkono huu unauma. Acha wayafiche, mwanangu. Angalau nipumzike."

Nilirudi nyumbani na bakuli tupu na kichwa kilichojaa. Mama alikuwa na haki na baba mdogo alikuwa na haki, na nilichosoma chuoni kuhusu haki kilitosha kuandika mtihani tu.

Mtendaji, kwa upande wake, hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningepumzika. Aliniita akaniambia mkutano umekaribia, na anataka niwe msomaji wa hoja za kuifanya amri iwe ya kudumu.

"Wakisikia kwa kijana wao wataelewa," akasema. "Na nafasi ya karani ikitoka, mimi si nitajua nani wa kumsemea?"

Nikasema, "Sawa, mtendaji." Kisha nikatoka nje nikajiuliza hiyo "sawa" yangu ilikuwa na maana gani.

Nilifanya mazoezi ya hotuba mbili. Moja ya kuunga mkono na nyingine ya kupinga, zote mbele ya kuku wa mama. Ile ya kuunga mkono kuku waliisikiliza. Ile ya kupinga waliondoka, labda kwa sababu nilikuwa napunga mikono. Lakini kila nilipoanza ile ya kwanza na kufika kwenye maneno "kwa usalama wetu sote," nilimwona yule mzee kwenye matete, na kiroba chake, na jinsi tulivyosimama. Nilikuwa nimezaliwa na kukulia kijijini humo, nikipita katikati ya mapanga kama watu wa mjini wanavyopita katikati ya magari, na sikuwahi kumwogopa mtu mzima njiani hadi siku alipofunga mzigo wake. Panga lililo wazi linasema mwenyewe anakwenda wapi. La kwenye kanga halisemi kitu, na sisi tunalisemea. Hata jicho la baba mdogo, nikawaza, halikupata pumziko. Lilikuwa sasa linaogopa viroba, maboksi na buti.

Lakini hilo la mwisho nilikuwa nakisia, na kumkisia mtu mwenye jeraha si vizuri. Kwa hiyo asubuhi ya mkutano, kabla ya kwenda uwanjani, nilikwenda kwake. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda anajaribu kushona wavu kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mbona umevaa kama unakwenda kuposwa?"

"Nakwenda mkutanoni. Nimekuja kukuambia kwamba nitapinga amri. Sikutaka ulisikie hilo kwa mara ya kwanza ukiwa katikati ya watu."

Alivuta uzi. Nilianza kupanga maneno ya kuomba radhi, aina tatu tofauti.

"Hivi vifurushi," nikamwuliza, "vinakupumzisha?"

"Jana," akasema, "mwanamke alipita hapa na kitu kirefu kwenye kitenge. Niliingia ndani nikafunga mlango. Baadaye nikasikia wanasema ilikuwa miwa." Akatikisa kichwa, karibu atabasamu. "Miwa, mwanangu."

"Kwa hiyo—"

"Kwa hiyo hakuna. Mimi nitainyoshea amri mkono, na nitanyosha huu mzima ili wahesabu vizuri. Wewe sema lako. Ila useme vizuri. Usitetee panga ukalisahau jeraha."

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi, watu wamekaa kwenye madawati yaliyotolewa nje na wengine kwenye nyasi. Mwenyekiti alifungua, mtendaji akaeleza, kisha uwanja ukapewa wananchi, na wananchi wakautumia.

"Mwenyekiti," akasema mwuza nanasi, buti lake bado liko kwapani, "abiria akishuka anataka nanasi limenywe. Nilimenye na nini, kijiko?"

"Na meno yako!" mtu akapaza sauti nyuma.

"Meno yangu nimeyaweka akiba kwa shemeji yako!"

Mwenyekiti aligonga meza hadi kicheko kikaisha. Mama mmoja akauliza kama jembe nalo ni silaha, maana mumewe akilewa hutishia kwa jembe. Mwingine akauliza kuhusu mwiko. Mtendaji akasema tusifanye mzaha. Ndipo baba mdogo akasimama.

Hakusema mengi. Alieleza alivyokatwa, alivyoona damu akadhani ni maji ya mto, na kwamba usiku bado anaamka. "Mnacheka, chekeni," akasema bila hasira, "ila mimi naomba mapanga yasionekane." Akakaa. Nilimwona mama, aliyekuwa amekaa na wanawake wenzake, anaangalia chini.

Mtendaji akanitazama. Ilikuwa zamu yangu ya kusoma hoja zake. Karatasi ilikuwa mkononi, imeloa jasho pembeni. Nikaikunja nikaiweka kwenye dawati, nikanyosha mkono kama mwananchi mwingine yeyote. Mwenyekiti akashangaa kidogo, akaniruhusu.

Sikumbuki kama nilianza kwa salamu. Natumaini nilianza kwa salamu. Nakumbuka nilisema jina la ukoo wetu, na kwamba jeraha la baba mdogo ni jeraha la kijiji na hakuna anayepaswa kulicheka. Kisha nikasimulia habari ya kwenye matete. Sikuwa nimemwona, lakini yule mzee mfugaji alikuwepo, na nilipofika kwenye kiroba alisimama pale nyuma akaufungua mwavuli wake wote, ubavu uliovunjika ukining'inia.

"Bunduki yenyewe hii hapa!" akasema. Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko, baba mdogo pia, akiwa ameushika mkono wake usitikisike.

Walipotulia nikamalizia. "Ndugu zangu, mimi napinga. Ukiacha yale ya stoo, amri hii haijaondoa panga hata moja njiani. Imeyaficha tu, nasi tumeanza kuogopana. Aliyemkata baba mdogo alikuwa ametoka kilabuni, hakuwa anatoka shamba. Naomba turudi kwenye desturi yetu, na kama mnataka sheria, basi iandikwe hiyo: panga liwe wazi, makali chini, mkono wa kushoto unapokutana na mtu. Kilabuni na gulioni liachwe mlangoni. Aliyekunywa asilibebe. Na mama yangu arudishiwe lake, maana nguruwe hawajasitisha chochote."

Hii ya mwisho sikuipanga. Ilitoka yenyewe, sauti yangu ikapanda juu kama ya jogoo mchanga, na wanawake wakaipigia vigelegele.

Mtendaji aliinama kwangu. "Msomi, si ulikuwa usome sababu zangu?"

"Nimezisoma nyumbani, mtendaji. Mara nyingi."

Alinisogezea daftari la kikao. "Basi muhtasari huu utauandika wewe, na uuandike kwa haki."

Watu wakapiga kura kwa kunyosha mikono. Baba mdogo alinyosha mkono wake mzima kwa ajili ya amri, kama alivyoniahidi, na waliomfuata hawakuwa wachache. Lakini upande wa desturi ulikuwa mkubwa zaidi, wakulima na wafugaji wamechanganyika, kitu ambacho hakikuwa kimeonekana tangu ugomvi.

Stoo ilifunguliwa jioni ileile. Nilitarajia fujo, kwa kuwa mapanga yalikuwa yamerundikana na hayakuwa na alama. Nilikuwa nimeanza kuwaza namna ya kuyagawa kwa zamu. Haikuhitajika. Kila mtu aliingia, akaangalia mara moja, akainama na kuchukua lake, kama wazazi wanavyochukua watoto shuleni. Mama hakuingia. Alikuwa ameshatangulia nyumbani kufunga mkeka, sufuria na chumvi kwa safari ya bondeni alfajiri.

Kwa hiyo lake nililichukua mimi. Kanga kuukuu nilikuwa nayo begani. Nilisimama mlangoni nikiwaza kama nilifunge, kwa sababu sheria mpya ilikuwa bado haijaandikwa, na kama nisilifunge, nilishike vipi, na nikikutana na mgambo nitasema nini. Kisha nikaifunga kanga kiunoni, nikashika mpini wenye mpira wa baiskeli, na kutoka nalo barabarani likiwa wazi.

Njia ya kwetu inapita mbele ya nyumba ya baba mdogo. Alikuwa amerudi kwenye kigoda chake na wavu wake. Nilimwona ameniona. Nikaona pia bega lake lilivyokaza. Nikalihamishia panga mkono wa kushoto, makali chini, nikasimama mbali kidogo kuliko desturi inavyotaka, nikainua mkono wa kulia.

"Shikamoo, baba mdogo."

Alilitazama panga, akanitazama mimi. Bega likashuka, si lote.

"Marahaba," akasema. "Mwambie mama yako nguruwe wakimwachia mpunga, mimi nadai sahani."

Nikasema nitamwambia. Nikaendelea na safari, panga kwenye mkono wa kushoto hadi nilipompita kabisa, kwenda kumpa mama alichokuwa anakisubiri.